Shuka la Jezi la Bi Saumu

Ukimwuliza mtu yeyote pale mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshushia samaki kando ya ziwa, ni dagaa wa nani wasio na mchanga, atakuelekeza kwa Saumu binti Haruna bila hata kugeuza shingo. Na mchanga kwenye dagaa, jamani, hakuna asiyeujua. Umekaa na ugali wako, umetulia, mara krr! jino limekutana na jiwe, na hamu yote imekwisha. Kwa Saumu hilo halikuwapo. Wanunuzi kutoka Bujumbura walikuwa wakizamisha mkono kwenye gunia lake hadi kwenye kiwiko, wanautoa, wanaukung'uta, haidondoki hata punje. Wanatikisa kichwa na kusema mama huyu ana lake jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa shuka la jezi. Nalieleza wazi maana wapo waliosema ni uchawi, na Saumu watu hao aliwacheka sana.

Marehemu mumewe, Abdulatif, alikuwa fundi nguo pale Ujiji, na alipofariki alimwachia mkewe cherehani ya miguu na tabia ya kutotupa kitambaa. Siku moja, miaka mitatu iliyopita, Saumu alipita kwa muuza mitumba akakuta robota limefunguliwa na jezi za mpira zilizochanika zimetupwa kando, hakuna anayezitaka. Akazishika. Nyepesi, zina vitundu vidogo vidogo, ukizilowesha zinakauka hata salamu hujamaliza. Akazibeba zote. Akakata mikono na kola, akaziunga kwa cherehani zikawa shuka moja kubwa, nyekundu hapa, kijani pale, bluu, njano, namba tisa upande huu na namba kumi na nne upande ule. Akalitandika juu ya mchanga wa Katonga, akamwaga dagaa wabichi juu yake. Hewa inapita juu na chini, mchanga unabaki kwao. Kufika alasiri dagaa walikuwa wamekauka vizuri, wakavu na weupe.

Wanaume wa mitumbwi walimtania mpaka wakachoka. "Bi Saumu, leo mechi saa ngapi?" Naye aliwajibu, "Mechi imekwisha, baba, nyinyi mmefungwa." Na kila alasiri, dagaa wakishaingia gunia, alilibeba shuka lake hadi kwenye mawe ya kufulia, akalipaka sabuni, akalisugua kwa brashi ngumu hadi mafuta na harufu ya samaki vitoke. Siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, yeye alikaa kwenye cherehani akiziba pale palipotatuka. Usafi wake ulikuwa wa kupitiliza, na alijisifia.

Sasa sikiliza habari ya mtoto.

Yusra, binti pekee wa Saumu, alikaa miaka saba kwenye ndoa bila kushika mtoto mkononi. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ikatulia, akazaliwa Hasna, kitoto kidogo mno, cha kubebwa kwa kiganja. Alipotimiza miezi sita akaanza kula, lakini uzito haukupanda. Kule kliniki mstari kwenye kadi yake ulilala tu, na Yusra alikuwa akirudi nyumbani macho yamevimba. Mume wa Yusra alikuwa safarini Kalemie kwa biashara, kwa hiyo mama na binti walikuwa peke yao na hofu yao katika nyumba yao ya Ujiji.

"Niachie mimi," Saumu akamwambia. "Mtoto huyu nitamnenepesha kwa mkono wangu."

Akachagua dagaa wake bora, akawatwanga kwenye kinu, akawachekecha mpaka wakawa unga laini, akauchanganya na ulezi na karanga. Wenzake huosha dagaa kwanza kabla ya kuwatwanga, kwa sababu ya mchanga. Wake waoshwe kwa nini? Hawana mchanga! Waliingia kinuni jinsi walivyotoka kwenye shuka. Hasna akaupenda uji ule hadi akawa analikamata bakuli kwa mikono miwili. Mwezi wa kwanza mstari ukainuka. Mwezi wa pili ukapanda zaidi. Nesi akauliza siri ni nini, na Yusra akasema mbele ya foleni nzima, "Ni unga wa mama yangu."

Basi kina mama wakaja. Saumu hakuuza, aligawa. Kikopo kwa huyu, kikopo kwa yule. Wa kwanza kupewa alikuwa Elida, mwanamke kijana ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye mtoto aliyekuwa amekonda mbavu zinahesabika. Kila jioni Saumu alirudi Ujiji akipita mlangoni kwa Elida kumtazama yule mtoto akijaribu kukaa, na alihisi Mungu amemtuma kwa kazi hii.

Ndipo akaja Dismasi.

Dismasi alikuwa mwanafunzi wa mambo ya samaki, kijana mwembamba wa miwani, mtu wa Kasulu. Alifika mwaloni asubuhi moja na begi la vichupa, akaamkia kila mtu.

"Shikamoo, mama. Natafuta plastiki."

"Marahaba, baba. Plastiki?" Saumu akamwonyesha kwa mkono chupa na malapa yaliyoletwa na mawimbi. "Zipo tele. Chukua bure, na Mungu akubariki."

"Siyo hizo, mama. Natafuta zile ambazo hazionekani."

Stephania, aliyekuwa akianika dagaa wake mchangani hatua chache kutoka hapo, alicheka mpaka akaketi. "Mwanangu, umeacha kwenu kuja kutafuta kitu kisichoonekana? Na ukikipata utajuaje?"

Dismasi naye alicheka, hakukasirika. Akachukua mchanga kidogo, maji kidogo, na konzi ya dagaa kwa kila mwanikaji. Alipofika kwa Saumu akasema, "Kila mtu ananiambia dagaa wako ndio safi kuliko wote. Nitawatumia wako kulinganishia wa wengine." Saumu alijawa na furaha. Alimchagulia wale wazuri zaidi, akamfungia mwenyewe.

Baada ya wiki moja kijana akarudi na kompyuta na hadubini ndogo, akakaa nao chini ya banda la mwalo, mbali na jua. Akawaonyesha kwanza dagaa wa Stephania. Punje ya mchanga ilionekana kubwa mfano wa jiwe la jiko, na kando yake uzi mmoja mwembamba, mweusi.

"Uzi huu huenda ni wa wavu," Dismasi akasema. Kisha akaweka dagaa wa Saumu, naye akakuna kichwa. "Hawa ndio wamenishinda, mama."

Kwenye kioo hakukuwa na mchanga hata chembe. Kulikuwa na nyuzi. Nyingi, zimejikunja, zimepitana, zimeng'ang'ania ngozi ya dagaa na kuingia chini ya mashavu yake. Nyekundu. Kijani. Bluu. Moja ya njano iliyopinda.

Saumu alizitazama. Rangi zile alizijua. Alikuwa amezipanga mwenyewe, moja baada ya nyingine, chini ya sindano ya cherehani.

"Nilitegemea wako wawe na chache kuliko wote," Dismasi akaendelea. "Nadhani nimekosea mimi. Labda vichupa vyangu viliingia uchafu. Nitachukua upya."

"Hizi... ni nini hasa?" Saumu akauliza.

"Nyuzi za nguo. Siyo pamba, ni hizi nguo za plastiki. Jezi, mablanketi laini, magauni yasiyojikunja. Yote hayo ni plastiki iliyosokotwa. Ukiyafua yanapukutika, jua likiyapiga yanapukutika. Vipande vidogo, jicho halivioni."

"Na mtu akizila?"

Dismasi akavua miwani, akaifuta kwa shati lake. "Bado hatujui vizuri, mama. Nyingine hutoka tu. Nyingine zimekutwa zimebaki mwilini. Zinafanya nini humo, watu bado wanachunguza."

"Na mtoto mchanga?"

"Kwa mtoto mchanga ndio hatujui kabisa."

Afadhali angesema ni sumu. Sumu mtu anaijua, unakimbilia maziwa, unakimbilia hospitali, unalia, mambo yanaisha kwa heri au kwa shari. Hili la "hatujui" lilimwingia Saumu na kukaa, akakosa hata pa kulishikia. Shuka lenyewe lilikuwa limekunjwa nyuma yake kwenye ndoo, na Stephania alikuwa akilitazama kisha akimtazama yeye. Kijana alikuwa akitazama kioo. Saumu angesema pale pale neno moja tu, yangekwisha. Akanyamaza. Nami simtetei, nasema lililotokea.

Kijana alipoondoka, Saumu alikwenda nyuma ya banda, akalikunjua shuka, akaliinua juani kwa mikono miwili. Aliona ziwa kupitia ndani yake. Namba tisa ilikuwa imebaki alama tu. Pale palipokuwa pekundu pamekuwa wavu wa nyuzi chache zilizochoka. Alikuwa amekata kitambaa hiki kwa mkono wake, aliujua uzito wake siku ile ya kwanza, ulikuwa mzigo wa kumchosha bega. Sasa alilishika kwa vidole viwili. Miaka mitatu, na zaidi ya nusu ya shuka haipo. Imekwenda wapi?

Akakaa chini.

"Si nilikuambia linaisha?" Stephania alikuwa amemfuata. "Nilikuambia tangu masika, Saumu, shuka lako linaonyesha mchanga. Ukasema nina wivu."

"Nyamaza, Stephania."

"Nanyamaza. Lakini wewe ndio usinyamaze."

Saumu akaangalia ufukwe wote na hakuona pa kuweka macho. Kwenye mawe wanawake walikuwa wakifua, povu linaingia ziwani, na hatua chache kutoka pale msichana alikuwa akijaza ndoo maji ya kunywa. Jezi, mashuka, vitenge vya bei rahisi, sare za shule. Kila siku yeye naye amekuwa akisugua pale kwa brashi. Aliogopa maji. Mtu aliyezaliwa Ujiji, aliyeoga ziwa hili kabla ya kujua kutembea, siku hiyo aliogopa kulowesha mguu.

Nyumbani alimkuta Hasna amekaa kwenye mkeka, akapiga makofi kumwona bibi yake. Saumu akamnyanyua, akamshika tumbo. Lilikuwa jororo, la joto. Aliliminya kidogo kidogo huku na huku mpaka mtoto akacheka akidhani anatekenywa.

"Mama, vipi?" Yusra akauliza kutoka jikoni.

"Aah, namsalimia mjukuu wangu."

Jioni hiyo hiyo kikopo cha unga kikaingia chini ya kitanda cha Saumu, nyuma ya sanduku. Akasema unga umekwisha, dagaa wazuri hawapatikani, ampe mtoto uji wa ulezi mtupu. Yusra akaguna, akakubali.

Tangu asubuhi iliyofuata Saumu akaanza kazi ya kuosha nepi. Yusra alishangaa, maana mama yake alikuwa amestaafu nepi zamani. Kumbe Saumu alizibeba hadi uani, akachutama juani, akapekua kinyesi cha mtoto kwa kijiti. Ndiyo, kwa kijiti, akikigeuza na kukitandaza, miwani ya marehemu mumewe puani. Alitafuta uzi mwekundu. Alitafuta wa kijani. Hakuona kitu, akashusha pumzi. Halafu pumzi ile ile ikamrudia vibaya: kama hazikutoka, basi zimebaki ndani. Siku ya pili akapekua akiomba azione. Siku ya tatu akaona kitu chekundu, moyo ukamlipuka paa! Kilikuwa ganda la nyanya. Akalia pale pale uani, amechutama na kijiti mkononi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na sita.

Hakula dagaa siku hizo. Hakwenda Katonga pia. Alisema kiuno kinamuuma. Kila Hasna alipokohoa, Saumu aliruka. Mtoto alipolala sana aliogopa, alipokataa kulala aliogopa. Alitaka kumwuliza mtu, na mtu wa kumwuliza alikuwa yule kijana aliyekwisha kumwambia kwamba hakuna anayejua.

Siku ya nne, saa nne ya asubuhi, alitoka bafuni akakuta Hasna kapakatwa, bakuli kwenye paja la mama yake, uji umempaka hadi kwenye nyusi. Saumu akasikia harufu kabla hajaona. Harufu ya dagaa.

"Umetoa wapi unga huo?"

"Kwa Elida. Alikuwa na kikopo cha akiba, nimeazima kwake. Mama, huoni jinsi alivyokuwa anakataa ulezi mtupu? Tazama anavyo..."

"Mtoe! Mtoe mdomoni! Yusra, mtoe!"

Alipiga kelele hadi mtoto akaanza kulia. Akaingiza kidole mwenyewe katika kinywa cha Hasna, akakikomba, Hasna akakabwa, akatapika kidogo kwenye kanga ya mama yake. Yusra akamsukuma mama yake kwa kiwiko. Hakuwa amewahi kumsukuma maishani.

"Una wazimu? Mama! Kuna nini?"

Na Saumu akasema. Alisema amesimama, mgongo ukutani. Alisema shuka, alisema nyuzi, alisema rangi. Alisema kuhusu Dismasi na kioo chake, kuhusu kikopo chini ya kitanda, hata kuhusu kijiti. Hakubakisha. Yusra alisikiliza huku akimpangusa mtoto, akipangusa mahali pamoja tena na tena.

"Tangu lini unajua?"

"Siku nne."

"Siku nne." Yusra akamhamisha Hasna kutoka paja lililokuwa upande wa Saumu, akamweka upande wa pili. Ni kitu kidogo, mtu mwingine asingekiona. Saumu alikiona, akataka ardhi ipasuke.

"Nilidhani ninamtibu," akasema. "Wallahi, Yusra, nilidhani ninamtibu."

"Najua, Mama." Machozi yalikuwa yakimtoka Yusra lakini sauti yake haikutetemeka. "Na wewe unadhani hao wengine wanapika nini asubuhi hii?"

Siku zote nne Saumu hakuwa amewafikiria. Kweli kabisa, na hapa ndipo alipojiogopa yeye mwenyewe: alikuwa amemwona Hasna tu. Sasa wakamjia wote, nyuso na majina, yule wa Mama Asumani mwenye kidevu cha vishimo, wale mapacha wa karibu na msikiti, wote anaowalisha kwa mkono wake, wote waliokuwa wakimfurahia alipopita.

"Njoo twende wote," akasema. "Nitasema, lakini uwe karibu yangu."

"Hapana, Mama. Mimi nampeleka Hasna kliniki, nimweleze nesi, hata kama hajui. Wewe utakwenda peke yako. Ulipowagawia ulikuwa peke yako."

Saumu akajitanda kanga, akavaa ndara. Kutoka mlango wao hadi kwa Elida ni nyumba tatu. Alizipita akishika ukuta. Akawaza kurudi, akawaza kwenda kwanza kwa mapacha, kwao ni mbali, atapata muda wa kupanga maneno. Akawaza wangemtemea mate, na akawaza vibaya zaidi, kwamba wangemwambia haidhuru bibi, kwa kuwa hawakuelewa. Miguu ikaendelea.

Mlango wa Elida ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, mtoto wake amekaa mwenyewe mbele yake bila kuegemezwa, mashavu yamejaa. Bakuli lilikuwa linafuka moshi.

"Bibi Saumu! Shikamoo, karibu, karibu sana!" Elida akainua kijiko. "Umekuja wakati wenyewe. Mtazame mtu wako anavyokula."

"Elida, usimpe."

Elida akacheka, akidhani ni utani wa kila siku. Mtoto alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Saumu akamdaka mkono Elida kwa nguvu, uji ukamwagika katikati yao, mtoto akaangua kilio, na kicheko cha Elida kikakatika.

"Bibi, una nini?"

Saumu hakuuachia mkono ule. Alipiga magoti pale barazani, juu ya uji, macho yake yakawa sawa na macho ya yule mama kijana.

"Mwanangu," akasema, "nimewalisha watoto wenu nguo."